Kabla ya Kuchora Banda, Mtazameni Nungunungu

Barua tatu nilizochagua safari hii zimetoka mikoa ya Mtwara na Lindi, na zote zinahusu jambo moja: wanafunzi kushika msumeno na nyundo ili kuwaboreshea wanyama wa bustani mahali pao pa kuishi. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inagusa karibu kila hatua ya kazi hiyo. Mbili zilizobaki nimezijibu kwa kifupi.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mjini Mtwara, na ni mlezi wa klabu ya mazingira yenye wanafunzi 32. Nje kidogo ya mji ipo bustani ndogo ya wanyama yenye kibali, ambayo inafuga nungunungu wawili, tumbili watano na kobe wanane. Mwenye bustani ametukubalia tubuni na kujenga maboresho ya mabanda muhula huu, nasi tumechangishana shilingi 600,000. Wanafunzi wamekwisha kuchora ukuta wenye picha ya mbuga, bwawa la saruji la kobe, bembea ya tairi ya tumbili, na matandiko ya maganda ya korosho kwa ajili ya nungunungu, kwa kuwa maganda hayo tunayapata bure. Je, tuanzie wapi, na kuna lolote katika michoro hii la kutuonya?
Mwalimu mlezi, Mtwara

JIBU: Mwalimu, hongera kwako na kwa vijana wako. Ninaanza na onyo, kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri: maganda ya korosho yasiingie kabisa katika banda la mnyama yeyote. Wewe unaishi Mtwara, kwa hiyo umekwisha kuiona mikono ya akina mama wanaobangua korosho. Wanaipaka majivu au mafuta kabla ya kushika kazi, na hata hivyo vidole vinababuka na ngozi inatoka, kwa sababu ndani ya ganda mna mafuta makali yanayounguza. Nungunungu hulala akiwa amegusanisha tumbo na matandiko, hunusa kila kitu kwa pua iliyo tupu, na hutafuna chochote kilicho mbele yake. Kumlaza juu ya maganda hayo ni kumuunguza polepole, tena bila yeye kuweza kusema. Tumieni nyasi kavu, au maranda kutoka kwa fundi seremala ambaye mna hakika kwamba mbao anazoranda hazikutiwa dawa. Wakati mkorosho umeingia katika maongezi yetu, niongeze kwamba matawi ya mikorosho iliyopuliziwa salfa au dawa nyingine dhidi ya ubwiriunga, yaani ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hayafai kupelekwa kwa wanyama, wala mifuko iliyobeba dawa hizo haifai kutumika tena kwa kazi hii, hata ikioshwa mara ngapi.

Sasa nirudi kwenye swali lako la pa kuanzia. Ushauri wangu ni kwamba michoro yote muifungie kabatini kwa majuma mawili, mwende mkawatazame wanyama. Najua vijana watasikitika, maana mtu aliyekwisha kuchora anataka kujenga. Lakini michoro uliyonieleza imeanzia kwenye mawazo ya mtu anayesimama nje ya uzio. Picha ya mbuga ukutani humfurahisha mgeni aliyelipa kiingilio, ilhali nungunungu, ambaye maisha yake huyaendesha kwa pua na masikio zaidi kuliko macho, hana la kufanya nayo.

Mabustani makubwa ya duniani nayo yalipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1907, Carl Hagenbeck alifungua bustani yake kule Stellingen, karibu na Hamburg, Ujerumani, akaondoa nondo na kuweka mahandaki mapana yaliyofichika, hata mgeni akawa anamwona simba kana kwamba hakuna kinachowatenganisha. Lilikuwa jambo kubwa, na wanyama wengi walipata nafasi ambayo hawakuwa nayo kabla. Hata hivyo, kilichosifiwa zaidi kilikuwa ile picha anayoiona mtazamaji. Miaka 35 baadaye, mwaka 1942, Mswisi Heini Hediger alichapisha kitabu kuhusu wanyama wa mwituni wanaofugwa, akaligeuza swali lenyewe. Alieleza kwamba mnyama porini hatembei ovyo, bali ana makao yenye sehemu zake, kama nyumba yenye jiko, chumba cha kulala na msala, na kwamba ubora wa nafasi aliyopewa una uzito kuliko ukubwa wake peke yake. Banda pana lisilo na kitu ni uwanja mtupu tu. Banda la wastani lenye shimo la kujificha, mchanga wa kufukua, gogo la kuguguna na kivuli cha kuchagua, hilo ndilo makao.

Kutazama kuna utaratibu wake, na kwa mwalimu wa fizikia hautakuwa mgumu. Mwaka 1974 mtafiti Jeanne Altmann, ambaye alifanya kazi ya miaka mingi juu ya nyani wa Amboseli, jirani zetu hapo Kenya, alichapisha makala iliyoweka wazi njia za kuhesabu tabia za wanyama, na njia hizo zinatumika mpaka leo. Iliyo rahisi kwenu ni hii: kila baada ya dakika tano, mwanafunzi anayenyanyua macho kutoka kwenye saa anaandika kila mnyama anafanya nini wakati ule ule, yaani amelala, anakula, anatembea, anafukua, amejificha, au anazunguka uzio. Kwa saa mbili mnapata maandiko 24 kwa kila mnyama. Kwa siku kumi mnapata 240. Iwapo tumbili mmoja ameonekana akizunguka uzio mara 96 kati ya hizo 240, ninyi mnajua kwamba asilimia 40 ya muda mliomtazama ameutumia kuzunguka bila kufanya jambo jingine. Hiyo ndiyo namba ya kuipunguza, na bila kuwa nayo, mkishajenga hamtakuwa na njia ya kujua kama mmemsaidia mnyama au mmejifurahisha wenyewe.

Nungunungu mtazameni usiku, kwa ruhusa ya mwenye bustani na pamoja na mtunza wanyama wake, mkitumia taa hafifu yenye kioo chekundu. Mkienda saa nne asubuhi mtamkuta amejikunja pembeni, uso ameuficha, miiba imelala mgongoni, na mgeni anayepita atasema kwamba huyu ni mvivu au mgonjwa. Njooni saa mbili usiku. Mtasikia kwanza kabla ya kuona: zile nyoya ngumu za mkiani ambazo ndani ni tupu hugongana kila anapopiga hatua, zikatoa mlio kama wa mbegu kavu ndani ya kibuyu. Kisha mtaona pua ikishuka chini, miguu ya mbele ikikwangua sakafu ya saruji mahali pale pale, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Anafukua, lakini hakuna udongo. Mwanafunzi atakayeliona hilo kwa macho yake hatahitaji kuambiwa nini kinapungua katika banda lile, na mchoro atakaourudia baada ya hapo utakuwa tofauti kabisa na ule wa kwanza.

Kwake yeye, jengeni vitu viwili. Cha kwanza ni shimo. Kalavati la zege linalomtosha kuingia na kugeuka hata miiba yake ikiwa imesimama, likilazwa chini na kufunikwa kwa udongo, humpa giza na ubaridi wa mchana. Liwe na milango miwili, kwa kuwa wako wawili, na mmoja akitaka kutoka asilazimike kumpita mwenzake aliyekasirika. Mwacheni mtunza wanyama nafasi ya kuchungulia ndani kwa mfuniko wa juu, maana mnyama asiyeweza kukaguliwa akiugua hajulikani. Cha pili ni sanduku kubwa la ardhini la mchanga uliochanganywa na udongo, ambamo kila jioni vinafukiwa vipande vya viazi vitamu, mihogo mitamu na, msimu wake ukifika, ming'oko. Mihogo michungu msiiguse, kwa sababu ile sumu inayowafanya mama zetu waivundike na kuikausha kabla ya kusaga unga ni sumu kwa wanyama pia. Meno ya mbele ya nungunungu hayaachi kukua, kwa hiyo wekeni magogo ya miti migumu isiyo na sumu, na mfupa mkavu mkiupata, naye ataugugunia. Kwa kuwa ni mchimbaji hodari, kabla ya kumpa udongo hakikisheni wavu wa uzio umezama ardhini na kukunjwa kuelekea ndani kama herufi L, angalau sentimita 60, la sivyo mtakuwa mmemfundisha njia ya kwenda kwenye mashamba ya watu.

Kuhusu bwawa la kobe, niruhusu nikusimulie jambo ambalo bado linaniuma. Katika bustani moja niliyofanya kazi ujanani, tulijenga kidimbwi kizuri cha saruji, kingo zake zimenyooka na kusuguliwa zikalainika. Wageni walikisifu. Asubuhi ya siku ya nne tulimkuta kobe mkubwa kuliko wote amekufa ndani ya maji yasiyofika gotini kwangu. Kobe wa nchi kavu haogelei. Alitumbukia usiku, na kucha zake zilikwaruza ukuta ule laini mpaka nguvu zikamwishia, na alama za kucha tuliziona. Makosa yalikuwa yetu wajenzi, si yake. Kwa hiyo, Mwalimu, msijenge bwawa. Chimbieni ardhini sinia pana lenye kingo za mteremko mdogo na sakafu iliyokwaruzwa, maji yake yasizidi kufika kidevuni mwa kobe aliye mdogo kuliko wote. Litawatosha kunywa na kujilowesha.

Na fedha itakayobaki itumieni kwenye uzio wao. Kobe akiona nje kupitia wavu hudhani njia ipo, akasukuma kutwa nzima mpaka anachubuka. Zibeni sehemu ya chini ya wavu huo kwa matofali au ubao mpaka urefu unaozidi macho yake, mtashangaa jinsi atakavyouacha uzio na kwenda kula majani. Muwaachie sehemu ya jua la asubuhi, kwa sababu mwanga wa jua ndio unaomwezesha kobe kutengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa na gamba, lakini sehemu nyingine muiezeke makuti ili jua la saa saba lisimkute hana pa kukimbilia. Hapa fizikia yako inahitajika. Wekeni kipimajoto kimoja chini ya bati tupu, kingine chini ya bati lililofunikwa kwa makuti, kingine chini ya mti, msome kila saa kuanzia asubuhi hadi jioni, na wanafunzi wenyewe watawaambia mabanda yajengwe vipi.

Tumbili nao wana shida ya namna nyingine. Porini, sehemu kubwa ya mchana wao huishia katika kutafuta chakula, kukichambua na kukigombea. Bandani hupewa sufuria moja asubuhi, wakamaliza kula kwa dakika chache, na siku nzima iliyobaki haina kazi. Pengine utauliza kwa nini tumtaabishe mnyama kwa chakula ambacho tungeweza kumpa mkononi. Mwaka 1963 mtafiti Glen Jensen alionyesha kwamba panya waliowekewa chakula cha bure katika kikombe, na pembeni wakawekewa kitufe ambacho kikibonyezwa hutoa chakula kile kile, wengi wao walibonyeza ingawa kikombe kilikuwa kimejaa. Jambo hilo limeonekana baadaye kwa wanyama wa aina nyingi. Kujitafutia ni hitaji lenyewe, mbali na njaa.

Kwa hiyo toboeni pingili za mianzi, mtie ndani punje za mahindi na karanga, mzining'inize mahali mbalimbali na kwa urefu mbalimbali. Karanga zichaguliwe moja moja. Yenye ukungu itupwe kwa sababu ya sumukuvu. Mabibo yakiwa katika msimu wapeni mabichi ya siku hiyo, si yaliyokaa mpaka yakachacha. Pingili ziwe nyingi kuliko tumbili wenyewe. Tumbili wana ukubwa na udogo kati yao, na mkiweka pingili tatu kwa tumbili watano, aliye chini kabisa atakaa na njaa huku ninyi mkidhani mmemburudisha. Wekeni pia vizuizi vya makuti au mirunda ndani ya banda ili mnyonge aweze kupita bila kuonwa na mbabe.

Bembea ya tairi si vibaya, ila tairi la gari lina nyaya za chuma ndani ambazo huchomoza likichakaa, na likining'inizwa bila kutobolewa hukusanya maji ya mvua na kuzaa mbu. Chagueni lisilochakaa, litobolewe chini, likaguliwe kila juma. Kamba iwe ya katani au ya makumbi, si ya nailoni, kwa sababu nailoni hufumuka kuwa nyuzi nyembamba zinazokaza kidole cha mnyama mpaka damu ikasimama. Katani huoza, hasa kwenye mvua zetu za kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo wekeni tarehe ya kuibadilisha, wala msisubiri ikatike. Kabla tumbili hajaigusa, ifungieni mfuko wa mchanga wa kilo 50 na kuuyumbisha. Tumbili mzima ana kilo kati ya tatu na nane tu, lakini watano wakirukia mara moja, mvuto wa ghafla unazidi uzito wao, na hilo nalo unaweza kulifundisha darasani kwa mahesabu kabla ya kulijaribu bustanini.

Kuhusu vifaa, jihadharini na desturi yetu ya kupaka mirunda oili chafu ili mchwa wasiile. Inafaa kwa nyumba, haifai kwa mnyama anayelamba na kutafuna. Badala yake simamisheni nguzo juu ya kitako cha zege ili mbao isiguse udongo. Nguzo za umeme zilizostaafishwa, ambazo watu hupenda kuzigawa, zimeshindiliwa dawa. Zikataeni kwa shukrani. Miti ya mikoko msikate, maana inalindwa na kibali chake si cha mwalimu wala cha mwenye bustani. Msipande minyaa wala mbono kuwa uzio wa ndani: utomvu wa mnyaa hupofusha, na mbegu za mbono ni sumu. Nyaya nunueni zilizozamishwa katika zinki, kwani upepo wa chumvi wa Shangani na Mikindani hula chuma cha kawaida upesi sana, na ncha ya waya uliokatika kwa kutu ni kisu. Paa nazo zifungwe kwa waya, si kwa misumari peke yake. Wenzetu wa Lindi wanakumbuka Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 na mvua zake zilizokata barabara ya kwenda Dar es Salaam. Banda la wanyama ni jengo kama majengo mengine, na waliomo ndani hawawezi kukimbia.

Katika zile shilingi 600,000, wekeni kando 150,000 za matengenezo. Nimekwisha kuona miradi mingi ya wanafunzi ambayo siku ya uzinduzi ilipigwa picha, na miezi sita baadaye pingili za mianzi zimekauka hazina kitu na sanduku la mchanga limegeuka choo cha paka. Wanyama huzoea. Pingili iliyoning'inia mahali pamoja mwezi mzima ni sawa na ukuta. Andaeni zamu, vifaa vihamishwe na vitolewe na kurudishwa, na mrudie kule kutazama kwa dakika tano tano mwezi mmoja baada ya ujenzi na mwingine muhula unaofuata. Iwapo namba haijabadilika, bomoeni mbuni upya. Hilo si aibu kwa mwanafunzi.

Ukuta wa picha uchoreni mwishoni kabisa, upande wa nje, kwa ajili ya wageni, mkiandika mliyoyaona usiku ule. Mgeni atakayesoma kwamba nungunungu analala mchana kwa sababu kazi yake ni ya usiku hatatupa jiwe kumwamsha.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lindi. Klabu yetu inajenga banda jipya katika bustani ya wanyama, na baba yangu mdogo amemkamata komba shambani kwake karibu na msitu. Je, tunaweza kumweka humo ili banda lisikae tupu?
Mwanafunzi, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, msimweke, na baba yako mdogo mweleze kwa heshima kwamba ampigie simu afisa wanyamapori wa wilaya leo hii. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata au kufuga mnyamapori bila kibali, na bustani yenyewe, hata ikiwa na kibali, haipokei mnyama kwa mlango wa nyuma. Akimripoti mapema mwenyewe, atakuwa amejisaidia na amemsaidia komba.

Lakini sheria si sababu pekee. Huko kwenu Lindi, kwenye msitu wa nyanda za Rondo, yupo komba mdogo sana, mwenye mkia wa manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa, ambaye wanasayansi walimtambua rasmi kuwa aina ya peke yake katika miaka ya 1990 tu. Amebaki katika misitu michache ya pwani ya Tanzania, na yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Simjui aliyekamatwa ni wa aina gani, wala baba yako mdogo hajui, na kwa sababu hiyo anastahili kuangaliwa na mtu anayejua na kurudishwa alikotoka kama ni mzima.

Komba tunamjua zaidi kwa msemo wa kulewa, kwa vile hupanda mnazi usiku akanywa tembo kwenye kibuyu cha mgema. Msemo huo unatuambia jambo la kweli kuhusu makao yake: ni mnyama wa usiku, wa juu mitini, anayeruka kutoka tawi hadi tawi akitafuta utomvu, wadudu na matunda, na mchana hulala katika pango la mti au rundo la majani. Banda mlilojenga, kama ulivyolieleza mwishoni mwa barua yako, lina kimo cha mita mbili na sakafu pana. Limejengwa kwa mnyama wa chini. Banda tupu si hasara. Libadilisheni liwe upande wa pili wa banda la mnyama aliyepo tayari, mtoboe mlango katikati, naye apate kuchagua akae wapi.

SWALI: Ndugu Mshauri, mwanangu wa kidato cha kwanza hapa Masasi ameambiwa ashiriki kujenga mabanda ya tumbili. Sipingi elimu, ila naogopa. Je, ni kazi ya watoto hii?
Mzazi, Masasi

JIBU: Ndugu yangu mzazi, hofu yako ni ya haki, na unayo ruhusa ya kumuuliza mwalimu maswali haya kabla ya kutia sahihi. Ulizia kwanza kama kazi ya kukata, kuranda na kupigilia inafanyika shuleni au kwa fundi, mbali na wanyama. Ndivyo inavyopasa. Bustanini kunapelekwa kitu kilichokwisha kuunganishwa, na wakati wa kukifunga tumbili wawe wamehamishiwa chumba cha pili na mlango umefungwa na mtunza wanyama mwenyewe, mwenye funguo mfukoni mwake. Mtoto asiingie banda ambalo tumbili yumo, hata aliyezoea watu, kwa kuwa huuma, na jeraha lake linahitaji hospitali siku ile ile. Ulizia pia kama daktari wa mifugo ameuona mchoro.

Ugonjwa nao hupita pande zote mbili. Kifua kikuu, kwa mfano, kinaweza kumpata tumbili kutoka kwa binadamu. Kwa hiyo mtoto mwenye kikohozi abaki nyumbani siku hiyo, na walioenda wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kuingia na baada ya kutoka, bila kula chochote katikati.

Kuna swali moja dogo ambalo wazazi hawaliulizi, na mimi ningependa uliulize: misumari inahesabiwa? Tumbili huokota kila kinachong'aa na kukitia mdomoni. Mwalimu makini huandika idadi ya misumari, skrubu na vipande vya waya vinavyoingia bustanini, na jioni hupitisha sumaku iliyofungwa kwenye fimbo juu ya sakafu yote ya banda, kisha wanafunzi wanahesabu iliyotumika, iliyopinda na iliyobaki. Hesabu isipotimia, tumbili hawarudishwi bandani usiku huo.